Moshi Ubaki Nje ya Hema

(Mada iliyotolewa na mmoja wa walezi wa watoto katika kikao cha maandalizi ya kambi ya likizo ya Juni.)



Katika makisio ya kambi yetu nimeona mambo mawili yanayofuatana: dawa ya mbu ya kuchoma, pakiti za kutosha, halafu vyandarua, "endapo fedha itabaki". Naomba tugeuze mpangilio huo, na nitaeleza sababu.

Sisi wa Bonde la Kilombero hatuhitaji kufundishwa habari za mbu. Hata mimi nyumbani huwasha dawa hii jioni, barazani. Kipande kimoja huungua polepole kwa saa 7 hadi 8, na moshi wake hubeba dawa inayomfukuza mbu au kumlegeza. Ilianzia Japani mwishoni mwa karne ya 19, ikitengenezwa kwa pareto, zao linalolimwa pia kwetu Iringa na Mbeya. Nyingi za siku hizi zina dawa za viwandani za jamii hiyo.

Tatizo linaanza tunapoiingiza ndani ya hema. Miaka ya nyuma nilikuwa mlezi katika kambi moja, tukawasha kipande katika kila hema. Usiku mtoto mmoja aligeuka usingizini, akapiga kile kibati kwa mguu. Kaa likaangukia godoro la sponji, likaanza kufuka. Kilichotuamsha ni kikohozi cha mwenzake. Tulimwaga maji, na hakuna aliyeumia. Lakini tangu siku hiyo nalala kwa hofu nikiona moshi ndani ya hema.

Wengine hawakupata bahati hiyo. Tarehe 30 Juni 1999, huko Hwaseong, Korea Kusini, moto uliteketeza jengo la kambi ya watoto usiku. Walikufa watu 23, kati yao watoto 19 wa chekechea. Polisi walisema chanzo ni dawa ya mbu ya kuchoma iliyoachwa ikiwaka chumbani.

Hata bila moto, kuna moshi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba kipande kimoja hutoa chembechembe laini za moshi sawa na za sigara 75 hadi 137. Hakuna mzazi hapa atakayekubali mwanawe afungiwe hemani na moshi wa namna hiyo, hasa mwenye pumu.

Kwa hiyo napendekeza yafuatayo:

1. Chandarua chenye dawa kiwe cha kwanza katika bajeti. Mbu wa malaria huuma zaidi usiku, watoto wakiwa wamelala, na hapo ndipo chandarua hufanya kazi. Kila hema lifungwe kamba ya juu ya kukining'iniza, na pembe zake zichomekwe chini ya godoro. Vilivyotoboka vishonwe kabla ya safari.

2. Dawa ya kuchoma itumike jioni tu, nje, wakati wa chakula na nyimbo. Iwekwe juu ya kibati chake ndani ya sahani ya bati, mahali palipofyekwa nyasi, mbali na mahema. Izingatiwe upepo unakotoka, maana ukivuma sana moshi hutawanyika na mbu hurudi.

3. Mlezi wa zamu aizime mwenyewe kabla ya watoto kulala, na kiberiti kikae kwake.

4. Kila mtoto aje na nguo ya mikono mirefu na suruali au sketi ndefu.

Ndugu wafadhili, najua vyandarua vina gharama kubwa kuliko pakiti za dawa. Lakini pakiti huisha na kambi, ilhali chandarua kitarudi na mtoto nyumbani, kimlinde na wadogo zake.

Kinga ni bora kuliko tiba, ila kinga yenyewe isije ikawa ajali. Naomba tuamue leo, kabla fedha haijagawanywa.