Njia Ipi Iliyo Upesi?

Juma lililopita tulisema kwamba programu ni maagizo ambayo kompyuta huyafuata, moja baada ya jingine. Leo tuulize: watu wawili wakiandika maagizo mbalimbali kwa kazi moja, na majibu yao yakawa sawa, tutajuaje ya nani ni ya upesi?

Chukua daftari la majina 1,000, yaliyopangwa kwa abjadi, A mpaka Z. Watafuta jina la Zuhura. Njia ya kwanza, soma tangu mwanzo. Huenda ukasoma yote 1,000. Njia ya pili, fungua katikati. Zuhura yu baada ya hapo? Basi acha nusu ya mwanzo, ufungue katikati ya nusu iliyobaki. Ukiendelea hivyo hutatazama zaidi ya majina 10. Jaribuni kwa daftari la darasa lenu, mwenzenu mmoja ashike saa.

Kompyuta nayo hupimwa kwa saa, lakini ni nyepesi mno. Kutafuta mara moja hakupimiki vizuri. Kwa hiyo twaiamuru irudie kazi ile ile mara nyingi. Lugha ya Python ina chombo kiitwacho timeit. Usipokipa idadi nyingine, hurudia mara 1,000,000. Kipimo chenyewe nacho hurudiwa, tukashika muda mfupi kuliko yote, maana muda ukizidi, mara nyingi sababu ni shughuli nyingine za mashine.

Mimi niliwahi kukosea. Zahanati moja ilitaka kulinganisha daftari mbili, kila jina la hili litafutwe katika lile. Nilipima kwa majina 20, nikaona tofauti si kitu, nikachagua njia ya kwanza kwa kuwa ni rahisi kuiandika. Majina yalipofika 20,000, kutazama kukaweza kufika mara 400,000,000. Kwa njia ya pili kusingezidi 300,000. Karani aliingoja mashine, na kina mama wenye watoto wagonjwa mgongoni wakamngoja karani. Basi pimeni kwa daftari refu kama lile litakalotumika.

Tena, kabla ya kushika saa, hakikisheni majibu ni sawa. Daftari likiwa halikupangwa, njia ya pili yaweza kukuambia Zuhura hayumo, naye yumo. Na itakuambia upesi sana.

Juma lijalo tutajifunza kuyapanga majina hayo. Kwaherini.