Fundisho la 18: Je, Mtoto Amefungwa na Damu ya Wazazi Wake?



Leo twachunguza neno lisemwalo mara nyingi vijijini mwetu. Mtu akishikwa na ugonjwa wa huzuni, asilale vema, asipendezwe tena na kazi wala na watu wake, husemwa: «Ni damu ya mama yake.» Na mtoto aliyepigwa au kuachwa husemwa: «Huyu amekwisha kuharibika.» Kwa maneno hayo yatima wengi hukosa mlango wa kuingia. Basi tuulize kama ni kweli.

Swali: Je, ugonjwa wa huzuni hurithiwa?

Jibu: Hurithiwa kwa sehemu, wala si wote.

Wataalamu wamewalinganisha mapacha wafananao kabisa na mapacha wasiofanana. Wameona ya kuwa tofauti za watu katika ugonjwa huu zatokana na urithi kadiri ya sehemu 37 katika 100. Zilizobaki zatokana na mambo ya maisha. Mwaka 2003 wengine walidhani wamepata jeni moja, yaani chembe moja ya urithi, imfanyayo mtu kuwa dhaifu mbele ya taabu. Lakini mwaka 2019 uchunguzi wa watu zaidi ya 400,000 haukuikuta nguvu hiyo. Jeni zinazohusika ni nyingi mno, na kila moja ina uzito mdogo, kama punje ya mtama ndani ya gunia. Hakuna basi awezaye kumtazama mtoto na kusema kwamba damu imekwisha kumhukumu.

Swali: Je, majeraha ya utoto yadhuru?

Jibu: Yadhuru kweli, na kwa muda mrefu.

Mtoto akaaye katika hofu, mwili wake hukesha, tayari kukimbia, hata saa ya kulala. Mwaka 1998, huko Marekani, ilitangazwa habari ya watu wazima zaidi ya 9,000 waliokuwa wameulizwa juu ya utoto wao. Kadiri mateso yalivyokuwa ya namna nyingi, kama kupigwa, kutukanwa, au kumwona mama akipigwa, ndivyo huzuni na magonjwa yalivyozidi ukubwani.

Swali: Ni nini basi kimwinuacho mtoto?

Jibu: Hasa ni mtu mzima ampendaye bila kuchoka.

Katika kisiwa cha Kauai, huko Hawaii, palipokuwa na mashamba ya miwa na mananasi, mtaalamu Emmy Werner na wenzake waliwafuata watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955, hata wakafikia umri wa miaka 40. Wengine walizaliwa katika umaskini, tena katika nyumba za ulevi, za ugomvi au za wagonjwa wa akili. Katika hao, theluthi mbili walipata shida kubwa za masomo au za tabia kabla ya kuwa watu wazima. Lakini theluthi moja walikua watu hodari, wenye kuwatunza wengine. Kwa nini? Wengi wao walikuwa na tabia tulivu tangu uchanga. Tena walikuwa na mtu wa kuwashika mkono: bibi, shangazi, kaka mkubwa, au mwalimu. Nyumbani walipewa kazi iliyotegemewa na wote. Hata miongoni mwa waliojikwaa ujanani, wengi walisimama baadaye, walipopata ndoa njema, kazi au rafiki wa kweli.

Wazazi wapendwa, vita vimetuachia watoto wengi wenye majeraha. Tusiulize kwanza ni damu ya nani. Tumwite kwa jina lake, tule naye, tumpe kazi ya kiasi chake, tumsikilize asemapo na tumvumilie anyamazapo. Na mkubwa aliyelemewa na huzuni tumpeleke kwa mganga wa hospitali. Dawa na mazungumzo huponya wengi. Huo ni ugonjwa, si aibu, wala si alama ya imani haba.

Tukumbuke: urithi ni mzigo au msaada, lakini si hukumu. Jeraha ni la kweli, lakini laweza kutunzwa.

Kwaherini, ndugu, hata fundisho lijalo.