Ukiitwa Nyumbani

Leo nataka tumfikirie mtu mmoja aliyekwenda kazini huku akingojea kuitwa nyumbani.

Mtu huyo ni Phil Mickelson wa Marekani, na kazi yake ni kucheza gofu. Mwezi wa Juni 1999 alikuwa Pinehurst, katika jimbo la North Carolina, akigombea US Open, mojawapo ya mashindano manne yaliyo makuu katika mchezo huo. Alikuwa na umri wa miaka 29, wala hakuwa ameshinda hata moja la hayo manne. Mkewe alikuwa mbali sana, nyumbani kwao Arizona, akikaribia kujifungua mtoto wao wa kwanza. Basi Mickelson akachukua peja, kile chombo kidogo kinacholia mtu anapotafutwa. Akatangaza kwamba kikilia ataondoka, hata kama anaongoza.

Waandishi wa magazeti walilipenda sana jambo hilo. Je, peja italia? Atalitupa kombe kweli? Angalia hapa, msikilizaji. Mwenye mzigo alikuwa mama, lakini habari ikawa ni chombo cha baba.

Jumapili, tarehe 20 Juni, ilikuwa Siku ya Akina Baba huko Marekani. Peja haikulia. Walifika shimo la mwisho, Mickelson akiwa nyuma ya Payne Stewart kwa pigo moja tu. Stewart alibakiwa na pigo la futi kama 15. Kama angelikosa, wangekuwa sawa, na kwa kanuni ya siku zile wangerudi Jumatatu kucheza mashimo 18 mengine. Hakukosa. Mpira uliingia, na Mickelson akashindwa.

Stewart alikuwa baba wa watoto wawili. Mkononi alivaa kikuku alichopewa na mwanawe, chenye herufi za kumkumbusha ajiulize Yesu angefanya nini. Alimwendea yule aliyeshindwa, akamshika uso kwa mikono yake miwili, akamkumbusha kwamba anakwenda kuwa baba, na kwamba hakuna jambo linalopita hilo. Miezi minne baadaye, tarehe 25 Oktoba, Stewart alikufa katika ajali ya ndege.

Na mtoto je? Alizaliwa siku iliyofuata, Jumatatu ile ile ambayo baba yake angekuwa uwanjani kama pigo la Stewart lingekosa. Lile lililoonekana Jumapili kuwa hasara ndilo lililomfikisha baba kando ya kitanda cha mkewe.

Lakini magazeti hupenda kumpima mtoto kwa kombe. Mwaka 2016 mke wa Mwingereza Danny Willett alitazamiwa kujifungua tarehe 10 Aprili, siku ya mwisho ya mashindano ya Masters. Willett alikuwa tayari kubaki nyumbani. Mtoto akazaliwa mapema, mwisho wa Machi. Willett akasafiri, akawa wa mwisho kujiandikisha kati ya wachezaji 89, naye akashinda. Watu wakasema mtoto ameleta bahati. Lakini kufikia 2018 Willett, baada ya kusumbuliwa na maumivu, alikuwa ameporomoka kupita nafasi ya 400 duniani. Je, mtoto yule yule sasa ameleta mkosi? La, hasha! Mtoto si hirizi, wala si mkosi. Mtoto ni mtoto, naye anahitaji baba.

Mickelson hakulisahau somo hilo. Mwaka 2017 binti yule alimaliza shule ya sekondari, naye ndiye aliyechaguliwa kuhutubia. Sherehe iliangukia siku ya kwanza ya US Open. Wakati huo baba yake alikuwa ameshinda mashindano mengine matatu makuu, akabakiwa na hilo moja, ambalo alikuwa wa pili mara sita. Akaliondoa jina lake, akaenda kumsikiliza binti yake. Kombe hilo hajalipata kamwe.

Ndugu yangu, pengine wewe huna fimbo ya gofu. Una zamu ya usiku, au lori la kupeleka mpakani, na mama watoto yuko kijijini, siku zake zimekaribia. Najua kwamba tajiri akiondoka kazini hukosa kombe, bali kibarua akiondoka huenda akakosa unga. Sikulaumu kwa siku ambazo huwezi kwenda. Nakuuliza juu ya siku zile ambazo unaweza. Mshahara umetoka, basi lipo, lakini umekaa na marafiki. Mtoto anasoma shairi shuleni, nawe uko mtaa wa pili ukizungumza siasa. Hakuna mwandishi atakayeandika kwamba ulikuja, wala kwamba hukuja. Lakini mtoto atatazama mlangoni, na atajua.

Kwa hiyo leo, kabla ya kulala, jiulize: Ni nani nyumbani kwangu anayeniita, nami nimejifanya sisikii?

Mungu akubariki wewe na nyumba yako. Hadi tutakapokutana tena, kwaheri.