Misingi ya Katiba na Mkono wa Mahakama
(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nilipokuwa kidato cha tatu, rafiki yangu wa bweni alirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Kwa hesabu alikuwa akitushinda sote. Hakurudi tena. Baadaye, nikiwa Chuo Kikuu, nilisoma ibara ya 11 ya Katiba yetu ya mwaka 1977, isemayo kwamba kila mtu anayo haki ya kujielimisha. Nikajiuliza: mbona hatukwenda mahakamani?

Jibu limo katika ibara ya 7. Haki ile imewekwa katika sehemu ya Malengo Muhimu na Misingi ya Mwelekeo wa Shughuli za Serikali, na mahakama zote zimekatazwa kuitilia sehemu hiyo nguvu ya kisheria. Katazo hilo lina hoja yake: hakimu hapangi bajeti, wala hakuchaguliwa kuamua kama shilingi iende kwenye dawati au kwenye kisima.

Hata hivyo mlango haukufungwa kabisa. India inacho kizuizi kama hicho, ibara ya 37. Lakini mwaka 1993, katika shauri la Unni Krishnan, Mahakama ya Juu ya huko iliamua kuwa elimu ya mtoto hadi miaka 14 ni sehemu ya haki ya kuishi, ambayo mahakama huilinda. Mwaka 2002 haki hiyo ikaandikwa wazi katika Katiba yao. Hapa kwetu, mwaka 1991, wakazi wa Kunduchi Mtongani walishitaki juu ya taka zilizomwagwa karibu na makazi yao, nao walishinda kwa kutegemea haki ya kuishi, ibara ya 14.

Lakini karo ya kidato cha kwanza hadi cha nne haikufutwa na hakimu. Ilifutwa na Serikali, kuanzia Januari 2016.

Wadogo zangu, wengi huisoma ibara ya 7 nusu. Kabla ya kuizuia mahakama, inawaagiza wote wenye madaraka kuizingatia na kuitekeleza misingi hiyo. Mimi ni mtumishi wa Serikali. Agizo hilo lanihusu. Faili likifika mezani kwangu, hakuna hakimu wa kuniuliza. Anayeniuliza ni yule rafiki yangu wa bweni. Kesho viti hivyo ni vyenu.