Matunzo ya Cherehani za Ngozi
Hotuba iliyosomwa na fundi mmoja, mwanafunzi wa zamani, katika mkutano wetu wa Lamadi



Waliotangulia wamesema juu ya majengo na michango. Mimi ni fundi wa cherehani, hivyo nitasema juu ya kazi yangu, hasa zile cherehani nzito zinazoshona viatu, mikoba na mikanda ya ngozi. Mwishoni nitatoa ombi moja kuhusu fedha tunazochanga kwa ajili ya karakana ya shule. Nawaomba mnivumilie mpaka nifike huko.

Sisi wa Lamadi tunakaa njia panda. Barabara kuu ya Mwanza na Musoma inakutana hapa na ile itokayo Bariadi, ziwa liko karibu, na lango la Ndabaka la kuingilia Serengeti haliko mbali. Usukuma ina ng'ombe wengi, kwa hiyo ngozi zipo, na wasafiri wenye viatu vilivyoachia soli hawakosekani. Lakini mashine ya fundi viatu ikigoma, anarudi kwenye msharasi na uzi wa mkono. Kazi ya nusu saa inakuwa kazi ya siku nzima. Mteja hangoji, anapanda basi lake na kwenda zake. Jioni fundi anarudi nyumbani mikono mitupu. Kwa hiyo ninaposema matunzo ya mashine, nasema juu ya unga na ada za watoto.

Jambo hili limewahi kulipata taifa zima. Wazee mliopo mnakikumbuka kiwanda cha viatu cha Morogoro, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Kilikusudiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi ziuzwe Ulaya. Hakikupata kufikia hata asilimia 5 ya uwezo wake, na mwaka 1990 kilifungwa. Sababu zilikuwa nyingi: wizi ulikuwemo, na jengo lenyewe halikufaa kwa joto letu. Lakini mojawapo ilikuwa hii ninayoisema leo, yaani mashine kuharibika na vipuri kukosekana. Kama kiwanda kikubwa namna ile kiliweza kulala, karakana ya shule itasalimikaje?

Sasa tuitazame mashine yenyewe. Cherehani ya nguo huvuta kitambaa kwa meno yaliyo chini. Ngozi ni nene na hunata, hivyo meno peke yake hayatoshi. Mashine nyingi za ngozi hutumia vitu vitatu kwa pamoja: meno ya chini, sindano inayosogea pamoja na ngozi, na mguu unaotembea juu yake. Ile ya mafundi viatu, Singer 29K, ina njia yake: haina meno chini, na mguu wake huivuta ngozi kwa juu na huweza kugeuzwa upande wowote. Ndiyo maana inaingia ndani ya kiatu. Herufi K inaonyesha kwamba ilitoka kiwanda cha Kilbowie, Uskoti, ambacho kilifungwa mwaka 1980. Basi kila 29K inayoshona leo imekimaliza kiwanda kilichoizaa, na imeishi kwa sababu kuna watu walioitunza.

Matunzo yenyewe ni haya.

Kwanza, mafuta. Tumia mafuta meupe ya cherehani. Hapa kwetu pamba ni nyingi na mafuta yake yanapatikana kwa urahisi, kwa hiyo wapo wanaoyatia kwenye mashine. Mafuta ya pamba ni chakula. Yakikaa kwenye chuma hugeuka kuwa kama gundi, na mashine hukaza. Oili chafu ya gari nayo ina masizi na unga wa chuma, hivyo husaga badala ya kulainisha. Mashine iliyokwisha kugandishwa hivyo ioshwe kwa mafuta ya taa, mbali na moto, ikauke, kisha itiwe mafuta yake. Tone moja au mawili kwa kila kitundu, kila siku ya kazi, yanatosha. Baada ya hapo shona kwanza kwenye kipande kibovu, usije ukachafua ngozi ya mtu.

Pili, usafi. Vumbi la ngozi na gundi hujikusanya kwenye shato, yaani ile ndoano iliyo chini inayodaka uzi. Piga brashi kila jioni, kisha funika mashine. Upepo wa ziwa na vumbi la barabara haviombi ruhusa.

Tatu, sindano. Namba yake kubwa ni kipimo cha unene: sindano ya 110 ina unene wa milimita 1.10, na ya 140 ina milimita 1.40. Uzi mnene katika sindano nyembamba hukwaruzwa na kukatika, na uzi mwembamba katika sindano nene huacha tundu wazi linalopitisha maji. Sindano iliyopinda au kupoteza ncha itupwe. Mtu anayeokoa bei ya sindano moja huja kulipia shato nzima.

Nne, usalama. Zile mota za klachi huendelea kuzunguka kwa muda hata baada ya kuzima swichi. Ukikanyaga pedeli wakati huo, sindano hushuka. Zima, kisha ngoja mpaka mngurumo uishe, ndipo uingize vidole.

Wanafunzi, hapa ndipo fizikia yenu inapoingia. Mota huzunguka mara 1,440 kwa dakika. Gurudumu lake la mkanda lina kipenyo cha milimita 60, na la mashine lina milimita 120. Mashine itazunguka mara 720, na kila mzunguko ni mshono mmoja. Hiyo ni mishono 12 kwa sekunde, mwendo usiomfaa anayejifunza. Badilisha, weka 50 kwenye mota na 150 kwenye mashine: utapata 480, yaani mishono 8 kwa sekunde, na nguvu ya kutoboa ngozi nene itaongezeka. Hamkununua mota mpya. Mmepiga hesabu tu.

Mashine inaporuka mishono, wengi hukimbilia bisibisi na kuanza kuzungusha kila skrubu. Fuateni utaratibu. Tazama sindano: ni nzima, imeingia mpaka mwisho, na mfereji wake mrefu unatazama upande unakoingilia uzi? Tazama njia ya uzi. Kisha tazama mguu, kwani mkandamizo ukiwa mdogo ngozi huinuka pamoja na sindano, kitanzi cha uzi hakifunguki, na shato linapita bila kudaka kitu. Kwa ngozi, hiyo ni sababu ya kawaida sana. Tazama pia gundi mbichi iliyoganda kwenye sindano.

Vyote vikiwa sawa, ndipo upime taimingi. Katika mashine nyingi, sindano ikifika chini kabisa na kuanza kupanda kiasi cha milimita 2 hivi, ncha ya shato iwe inapita nyuma yake, juu kidogo ya tundu, karibu bila kugusa. Nafasi iliyopo kati yake ni kama unene wa karatasi. Mkazo wa uzi urekebishwe mwisho, ukianza na bobini, halafu uzi wa juu, mpaka fundo lijifiche katikati ya ngozi.

Cherehani nyingi ninazoletewa zikiitwa zimekufa, zina ugonjwa mmojawapo kati ya hayo niliyoyataja. Na unapompelekea fundi mashine yako, mwambie akurudishie kipuri cha zamani alichokitoa. Fundi mwaminifu hataudhika. Asiye mwaminifu atajua kwamba unajua.

Kwa wale watakaopenda kuendelea, Kampasi ya Mwanza ya Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam hufundisha teknolojia ya ngozi. Si mbali kutoka hapa. Kijana anayeijua ngozi na kuijua pia mashine inayoishona hatakosa kazi katika mji wenye stendi.

Sasa nafika kwenye ombi langu, Ndugu Mwenyekiti. Imependekezwa tuinunulie karakana mashine nne. Naomba tununue tatu. Fedha ya ile ya nne inunue sindano za namba mbalimbali, mafuta, mikanda, bobini, brashi na seti ya bisibisi na spana, na itakayobaki iwekwe akiba ya vipuri. Kila mashine iwe na daftari lake, na ndani yake iandikwe siku iliyotiwa mafuta, kilichoharibika, kilichobadilishwa na jina la aliyefanya kazi hiyo. Mwalimu mmoja na wanafunzi wawili wa kila kidato wakabidhiwe dhamana hiyo. Mimi nitakuja kila muhula kuwafundisha, bila malipo.

Najua mashine nne zinapendeza zaidi siku ya kukabidhi. Lakini wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Tukinunua nne bila sindano ya akiba, baada ya mwaka mmoja tutakuwa na moja inayofanya kazi na tatu zilizochomolewa vyuma kuiokoa hiyo moja. Hatutakuwa tumewasaidia vijana hawa. Tutakuwa tumewafundisha kwamba kitu kikiharibika dawa yake ni kungoja mfadhili.

Nawaomba wajumbe walijadili jambo hili kabla hatujafunga mkutano, na lipigiwe kura. Na mwaka ujao tutakapokutana, wanafunzi watusomee madaftari hayo mbele yetu sote.