Kiazi Katika Maabara

(Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani, Iringa)



Nimeombwa niseme machache juu ya masomo ya sayansi. Nitasema juu ya kiazi.

Bakteria na kuvu ni viumbe hai, navyo hula. Anayetaka kuvichunguza hana budi kuvilisha. Robert Koch, mganga wa Kijerumani aliyetangaza kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882, aliotesha bakteria juu ya vipande vya viazi vilivyopikwa. Akajaribu na jelatini, lakini hiyo huyeyuka katika joto la mwili wa mtu. Ufumbuzi ukatoka jikoni: Fanny Hesse, mke wa msaidizi wake, alishauri itumike aga, itokanayo na mwani, aliyokuwa akigandishia jeli. Aga ikishaganda haiyeyuki mpaka joto likaribie nyuzi 85.

Chakula cha kuvu kinachotumika hata leo ni gramu 200 za viazi, gramu 20 za glukosi na gramu 15 za aga katika lita moja ya maji. Viazi tunavyo, glukosi ipo madukani. Mwani wa Zanzibar, unaolimwa kibiashara tangu 1989, hutoa karajinani, si aga.

Lakini kwa kuanzia, hata aga si lazima. Tia kipande cha kiazi katika chupa ya jemu, legeza kifuniko, chemsha katika sufuria la presha kwa robo tatu ya saa. Kikipoa, weka juu yake punje ya hindi, funga, wala usifungue tena. Baada ya siku chache kuvu huonekana. Mwalimu aichemshe chupa tena kwa presha kabla ya kuitupa.

Ndugu zangu, huu si mchezo. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara. Sumu hiyo haionekani kwa macho, wala haiishi kwa kupika ugali. Kijana aliyeona punje safi ikiota ukungu atawahimiza wazazi wake kukausha mahindi sawasawa. Aliyekariri jibu la mtihani atalisahau.

Kwa hiyo natoa hoja: tuchange, shule ipate masufuria mawili ya presha na chupa za kutosha darasa zima. Viazi shamba la shule litatoa.