Jeni, Figo na Mifupa: Tabora Tuanzie Wapi?



Mgonjwa anayesafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, takriban saa nne kila mara, huondolewa maji na potasiamu vizuri. Fosforasi ni mkaidi: huondoka kidogo, kesho imerudi. Figo zilizochoka nazo haziwezi tena kuikamilisha vitamini D, kalsiamu ya damu hushuka, na tezi za paratiroidi shingoni humwaga homoni inayoichota kalsiamu mifupani. Mifupa huuma na kuvunjika upesi, huku mishipa ya damu ikigeuka migumu.

Mbona basi wagonjwa wawili wa mashine moja na dawa zilezile hutofautiana? Wengi wameitafuta sababu kwenye jeni ya kipokezi cha vitamini D. Matokeo yamekuwa yakipingana, na sioni sababu ya kuyaagiza hapa kama yalivyo.

Tuna somo la karibu zaidi kuhusu jeni na figo. Misitu ya miombo ya Urambo na Kaliua, mkoani Tabora, ina mbung'o, na malale inajulikana huku. Mwaka 2010 watafiti walionyesha kuwa maumbo mawili ya jeni ya APOL1, yaitwayo G1 na G2, huisaidia damu kuua vimelea vya malale vya aina ya rodesiense; lakini aliyerithi nakala mbili, kwa baba na kwa mama, yumo katika hatari kubwa zaidi ya figo kufeli. Kinaya ni kwamba kimelea cha rodesiense ni cha upande wetu wa Afrika, ilhali maumbo hayo yamejaa zaidi Afrika Magharibi. Kwa hiyo kuandika "Mwafrika" kwenye fomu hakutuambii kitu. Tabora yenyewe ilijengwa na njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji: wapagazi wa Kinyamwezi, Wamanyema kutoka Kongo, Waarabu wa Oman, kisha reli iliyofika mwaka 1912. Fomu zetu ziulize bibi na babu walizaliwa wapi.

Hata kipimo cha vitamini D kina mgogoro. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 uliwakuta Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania na wastani wa nanomoli 115 kwa lita, wakati miongozo ya nje huridhika na 50 au 75. Huko Marekani, wagonjwa weusi wa mashine huwa na homoni ya paratiroidi nyingi kuliko weupe, lakini huvunjika mifupa mara chache zaidi. Viwango vya nani tunavifuata?

Pendekezo langu ni la chini kabisa. Kabla ya kuomba mashine ya vinasaba, tupime kwa utaratibu kalsiamu, fosforasi na homoni ya paratiroidi, na tuhifadhi sampuli. Pia tukae na mgonjwa tuzungumze chakula. Dagaa wa Kigoma huliwa mzima, na miiba yake. Ana fosforasi, lakini ana protini ambayo mgonjwa huyu anaihitaji, hivyo kumpiga marufuku ni kumwonea. Achemshwe, maji yamwagwe, aliwe kwa kiasi. Kidonge cha kalsiamu kinachonasa fosforasi kimezwe pamoja na chakula. Anayekimeza alfajiri, tumbo tupu, hakitamsaidia kwa dagaa wa jioni; vipimo vyake vikija vibaya, tumuulize saa ya kidonge kabla ya kuisingizia jeni.